Wanataka Kulipaka Njano Gari la Baba Yangu

Shangazi Phayom wa gazetini, nimeunganisha viganja mbele ya uso kukusalimu kwa heshima, ingawa ungeniona ungecheka, maana kucha zangu ni nyekundu mpaka kwenye nyama na wala si rangi ya kucha, ni rangi ya gari, na rangi hiyo ndiyo inataka kunivunjia ndoa, kwa hiyo nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujasema mimi ni mkwe mkorofi, kwa sababu huku Laplae wameshasema wote na sijabakiwa na masikio mengine ila yako.

Baba yangu alikuwa Mwalimu Chaliao, alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kitu pekee cha anasa alichowahi kujinunulia maishani ni gari dogo, saluni ya milango minne, nyekundu ya pilipili mbivu, ambayo kila Jumapili aliiosha kwa mikono yake akiwa amekunja suruali magotini, hataki msaada wa mtu, na ilipopita barabarani watu walisema Mwalimu huyo anapita hata kabla hawajaona nani yuko ndani. Baba alipofariki, mdogo wangu Duangta alichukua nyumba, mimi nikachukua gari, likaandikwa kwa jina langu, nikaja nalo kwa mume wangu Thawin nikidhani naleta heshima nyumbani. Shangazi, sijazima hata injini, mama mkwe wangu, Mama Bunruean, katoka mlangoni mikono kiunoni.

"Hilo halilali chini ya paa langu."

"Kwa nini, Mama?"

"Unaniuliza kwa nini? Mumeo kazaliwa siku gani? Jumatatu! Jumatatu na nyekundu wapi na wapi? Unataka nizike mtoto?"

Basi gari la baba yangu likapelekwa nyuma ya banda, juani, na pikapu yao ya rangi ya fedha ikabaki imelala kivulini kama bibi harusi, na mama mkwe akaenda kwa mnajimu wake akarudi na stika pana kama sinia, akamwamuru Thawin aibandike kwenye mfuniko wa buti, GARI HILI NI LA NJANO, kwa kuwa njano ndiyo rangi ya bahati ya waliozaliwa Jumatatu na nyekundu ndiyo mkosi wao. Kwa stika sikugomba, wanaobandika ni wengi, hata daktari wa meno wa hapa mjini ana gari jeusi tii lililoandikwa kwamba ni la kijani na hakuna anayemcheka, nikasema sawa, stika haimuumi mtu. Kilichoumiza ni jua. Mwaka baada ya mwaka lile gari lilikaa pale linapigwa jua na mvua na kinyesi cha ndege, wekundu ukachujuka, boneti ikapauka ikawa na madoa meupe kama ngozi yenye mba, ukiliegemea unaondoka na unga wa waridi kwenye sketi, na watoto wa jirani wakawa wanachora nyuso za paka kwa vidole kwenye milango. Na mama mkwe anafurahi! Anasimama pale na chai yake anasema, "Waona? Linajisafisha lenyewe. Limebaki waridi, na waridi haina neno." Thawin naye ananitania, "Mke wangu, gari lako limejipaka poda, linatoka leo?" na mimi nilikuwa nacheka naye, Shangazi, nacheka huku kifuani naona kama wanamcheka baba yangu.

Sasa mwaka huu Duangta aliandaa kumbukumbu ya Baba hekaluni akaniambia dada njoo na gari lake, wazee wafurahi. Nikaenda nalo. Nimesimama nimeliegemea, wanakuja wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa wenye vitambi, mmoja ananisalimu kwa adabu zote halafu ananiuliza, "Dada Rabiap, lile gari jekundu la Mwalimu mliliuza?" Nimeliegemea, Shangazi! Mgongo wangu uko kwenye mlango wake. Nikamwambia ndiyo, tuliliuza, kwa sababu nilishindwa kusema ni hili hapa.

Nilirudi nyumbani nimeapa litang'aa tena. Sikuwa na ujuzi wowote, nilianza na dawa ya meno kwa kuwa jirani alisema dawa ya meno ndiyo dawa, nikasugua mlango mzima ukanukia kama mdomo wa mtoto asubuhi na haukubadilika, nikahamia unga wa kusugulia masufuria na kile kidude chake kigumu, nacho kikaacha mikwaruzo kama paka wamepigana kwenye mlango wa kushoto, nikakaa chini nikalia, ndipo nikanunua dawa yenyewe ya kusugulia rangi ya gari na vitambaa laini na kuanza upya taratibu. Ila sikukumbuka tena wekundu wa Baba ulikuwaje hasa, nafuata rangi gani, nitajuaje nimefika? Nikaiangalia ile stika. Nikaipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikaivuta polepole ikatoka, na chini yake, Shangazi Phayom, kulikuwa na kipande cha mstatili chekundu kilekile, kinang'aa, kama vile Baba kakifuta jana. Jua halikuwa limekigusa. Miaka yote hiyo ile stika inasema gari ni la njano, na ndiyo iliyoutunza wekundu. Nililia nikaendelea na kazi.

Balaa lilianzia kwenye vitambaa. Kila nikisugua, kitambaa kinatoka chekundu, nikikisuuza beseni linakuwa jekundu, nikavianika vyote kwenye kamba, na mama mkwe karudi kutoka sokoni, kaona kamba nzima ya matambara mekundu na beseni chini yake, akapiga yowe lililoitisha mtaa.

"Damu! Gari linatoka damu! Njooni muone, gari la maiti linatoka damu uani kwangu!"

Nikamwambia, "Mama, ni rangi tu, tazama," nikachovya kidole, na yeye kanirukia mkono, "Usinioneshe! Na stika iko wapi? Rabiap, stika ya mwanangu iko wapi?" Stika ilikuwa kwenye ndoo ya takataka. Sikuweza kusema uongo maana ilikuwa inachungulia.

Lakini gari likang'aa. Lilirudi, Shangazi, boneti unajiona uso, watu wa pikipiki wanapunguza mwendo getini. Baba mkwe, Baba Sawaeng, ambaye kwa kawaida maneno yake kwa siku yanaingia kwenye kikombe cha kahawa, alitoka na fimbo yake, akalizunguka, akapitisha kiganja juu ya paa lake akasema, "Sasa hili ndilo gari. Sisi wa Jumapili tunajua kizuri tukikiona," na mama mkwe akamwambia aingie ndani asipigwe na jua. Haikupita wiki, Baba Sawaeng akapanda ngazi shambani kufunga matunda ya doriani kwa kamba yasidondoke kabla ya wakati, ngazi ya mianzi, asubuhi baada ya mvua, akateleza akavunjika paja.

Na ni mimi! Hata kabla ya hospitali ni mimi! Mama mkwe ananinyooshea kidole mbele ya wauguzi, "Huyu katoa kinga, kaamsha damu, damu imepata mtu." Wakakaa kikao cha ukoo ambacho sikuitwa, nimeletewa hukumu kama mtu anayeletewa chakula cha jela: siku ya ibada ijayo nipige magoti mbele ya ndugu wote na shada la maua na mishumaa, niseme kwa mdomo wangu kwamba wekundu wangu ndio uliomwangusha Baba, halafu nikabidhi funguo, binamu yao mwenye gereji alipulize gari rangi ya njano, ya kweli safari hii. Nikikataa, nirudi kwetu. Baba mkwe mwenyewe hajasema kitu, amelazwa chumba cha mbele, aliomba tu kitanda kigeuzwe atazame uani, na mama mkwe akafunga pazia.

Na Thawin? Nilimuuliza wewe mume wangu unasemaje. Akasema, "Kubali tu yaishe, Rabiap. Si rangi tu?" Nikamwambia, "Kama ni rangi tu, kwa nini ibadilike yangu?" Akatoka kwenda kuosha pikapu. Najua alikuwa na kaka yake, Wirot, aliyekufa kwenye pikipiki nyekundu naye alikuwa wa Jumatatu, lakini hayo ni ya zamani kabla sijaolewa, na pikipiki si gari. Mimi nina hasira, Shangazi. Baba yangu hakumwangusha mtu. Nipige magoti? Nitoe funguo? Au niondoke, maana gari liko tayari na tangi limejaa?

Mwenye Gari Jekundu, Laplae


SHANGAZI PHAYOM ANAJIBU

Mwenye Gari, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakasirika kwa ajili yako, mara ya pili nikakukasirikia wewe. Vumilia, yote mawili unayapata hapa.

Kwanza hasira yako, ambayo ni halali. Mtu analeta nyumbani kitu pekee alichoachiwa na baba yake, nyinyi mnakisukuma juani mpaka kinachubuka, halafu mnasimama mbele yake na chai mnasifu kwamba kinajisafisha! Kisha mwenyewe anakiokoa kwa mikono yake, mnasema ameleta mauti. Mama Bunruean, najua gazeti hili linafika Laplae na najua kuna mtu atakusomea. Ngazi ya mianzi, asubuhi baada ya mvua, na mzee mwenye fimbo juu yake. Hapo unahitaji nyota za nini? Mimi nimezaliwa kwenye shamba la madoriani, na ningekuwa nyumbani kwenu asubuhi ile, ningeuliza swali moja tu: nani alimwacha Baba Sawaeng apande, wakati ana mtoto wa kiume mwenye miguu miwili mizima anayeosha pikapu?

Lakini tuache ngazi. Tuseme kalenda ya siku na rangi ndiyo sheria ya nyumba hiyo. Sawa, mimi pia sivai nguo mpya bila kuangalia siku, sitawacheka. Basi tuifuate mpaka mwisho. Rabiap, umeandika mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba baba mkwe ni wa Jumapili. Wa Jumapili, mwanangu! Rangi ya Jumapili ni ipi? Muulize mtoto yeyote wa chekechea. Nyekundu! Kwa kalenda ileile waliyokuhukumu nayo, gari lako ni bahati ya yule mzee. Ukoo mzima umekaa kikao, wazee kwa vijana, hakuna hata mmoja aliyehesabu vidole. Na wewe uliyelia na kusugua na kuandika kurasa zote hizi, nawe hukuona. Ndivyo hasira inavyofanya, inampa mtu sauti na kumnyang'anya macho. Mpelekee Mama Bunruean hoja hiyo kwa adabu, na usicheke ukiisema.

Sasa zamu yako.

Umeandika habari za Wirot kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Ya zamani." "Pikipiki si gari." Kwa mama yake hakuna zamani, mwanangu. Yule mama alimpoteza mtoto wa Jumatatu kwenye kitu chekundu, akabaki na mtoto mmoja, naye wa Jumatatu, halafu siku moja lango likafunguka kikaingia kitu chekundu na kuegeshwa mlangoni. Alipoona beseni lako hakuona rangi. Aliona damu ya mwanawe barabarani, na wewe ukachovya kidole ukamsogezea usoni! Unashangaa alipiga yowe? Mimi ningepiga zaidi.

Na stika. Gari ni lako, hakuna ubishi. Ila ile stika haikuwa ya gari, ilikuwa ya Thawin, mama yake alimwekea kama unavyomvalisha mtoto kizibao cha baridi. Ungemwambia, "Mama, naibandua nisafishe chini yake, nitabandika nyingine." Sentensi moja. Badala yake ukaivuta kimyakimya ukaitupa kwenye ndoo ya takataka na maganda ya papai. Kama wao wangetupa picha ya Mwalimu Chaliao kwenye ndoo hiyo, ungeniandikia kurasa ngapi?

Haya, na dawa ya meno nayo nisiiache ipite. Nani kakudanganya? Rangi si jino, wala mlango wa gari si sufuria. Marehemu mume wangu aliendesha teksi nyekundu miaka mingi, kwa hiyo hili nisikilize vizuri. Gari la zamani kama lako lina rangi ya tabaka moja, haina ile ngozi angavu juu yake kama ya magari ya sasa. Ndiyo maana kitambaa kinatoka chekundu, unachokifuta ni rangi yenyewe iliyokufa kwa jua, na chini yake iko iliyo hai. Si damu, ila si kisima pia. Kila ukisugua inapungua, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti ni nyembamba mno, ukiendelea kwa hasira hiyo utafika kwenye bati na hapo ndipo gereji ya binamu itakapokuwa na haki. Umeshang'arisha, basi acha. Weka nta mkono mwepesi, kivulini, bati likiwa limepoa. Osha kwa sabuni ya magari, siyo ya vyombo. Mikwaruzo ya mlango wa kushoto iache hivyo hivyo, usiifukuze. Na gari liingie chini ya paa. Hilo si ombi. Kama banda la Mama Bunruean halina nafasi, pikapu itoke nje ikaonje jua nayo.

Umeuliza mambo matatu. Funguo hutoi. Sitaki kusikia hata kwamba ulizitoa mfukoni. Gari lina jina lako, rangi yake imeandikwa kwenye hati zake, na gereji yoyote, ya binamu au ya nani, ikilipuliza rangi nyingine bila ridhaa yako imeharibu mali ya mtu, na hapo hatuzungumzi tena habari za nyota, tunazungumza na polisi. Mwambie Thawin hivyo mapema, kwa sauti ya kawaida, mezani, akiwa anakula, ili binamu ajue kabla hajachanganya rangi.

Magoti, piga. Ndiyo, umesoma sawasawa, punguza hiyo pumzi. Nunua shada zuri la maua, lisiwe lile la kubahatisha la barabarani, vaa vizuri, nenda mbele ya ndugu wote. Mpigie magoti kwanza Baba Sawaeng, kwa sababu ni mzee na ana maumivu, na usimwambie neno hata moja kuhusu wekundu. Muulize tu mbele ya watu wote: "Baba, nani alifunga pazia?" Nimesoma barua yako, mwanangu. Mtu aliyevunjika paja akaomba kitanda kigeuzwe atazame uani, hatazami kuku. Katika nyumba yote hiyo kuna mtu mmoja aliyeumia na ndiye pekee ambaye hakuna aliyemuuliza anaona nini. Muulize, halafu unyamaze umngoje, hata kama maneno yake yatachukua muda kufika.

Kisha geukia kwa Mama Bunruean, bado uko magotini, useme hivi na usiongeze: "Mama, nisamehe kwa kutupa stika bila kukuomba. Nisamehe kwa beseni. Sikumfikiria Wirot. Stika mpya hii hapa, mpe Thawin aibandike kwenye kioo cha nyuma." Kwenye kioo, nimesema, bati liachwe lipumue. Lakini wakikutaka useme kwamba ulimwangusha Baba, inuka, kung'uta sketi, useme hapana. Hutaomba radhi kwa kosa ambalo halipo, hata kwa kulia, hata kwa kutaka yaishe. Ukilikubali leo kwa ajili ya amani, kila kikombe kitakachovunjika nyumbani humo mpaka uzeeni kitakuwa chekundu na kitakuwa chako.

Na la tatu, kuondoka. Hapa nina neno na Thawin, naye nimwambie wazi. Bwana Thawin, unasema "rangi tu." Kaka yako alikufa na hujawahi kumwambia mkeo siku ile ilikuwaje, najua hujamwambia, kwa sababu angejua asingeandika alivyoandika. Unamwachia mama yako akuogopee kwa sauti, na mkeo akupiganie kwa sauti, wewe unaenda kuosha gari. Unaogopa? Sema naogopa. Mwanamume anayesema naogopa mke wake atamkalia karibu. Anayesema "kubali tu yaishe" anamwachia mkewe auawe na ndugu zake huku yeye anatafuta ndoo.

Rabiap, siku hiyo ya ibada ikipita nao wakabaki na hukumu yao, na Thawin akabaki kimya upande wao, usipige kelele na usifungashe nyumba nzima. Chukua nguo za kubadilisha, chukua funguo zako, muage Baba Sawaeng kwa heshima, uende kwa mdogo wako Duangta. Pitia barabara kuu, mchana, madirisha wazi, taratibu, wale wanafunzi wenye vitambi wajue Mwalimu hakuuzwa. Kaa huko mpaka mumeo aje mwenyewe, bila mama yake, bila binamu, akuambie habari za kaka yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mpe maji, mkalishe, msikilize, na usimkatize hata mara moja.

Halafu mkirudi, endesha wewe.